Spana Mdomoni

Tangu nistaafu nimegeuka mtu wa semina. Wakubwa wa mashirika hunialika kwenye hoteli zenye nyasi zilizonyweshwa vizuri, hunipa kalamu, daftari na chupa ya maji, kisha huniomba niwaeleze namna ya kutambua vipaji vya wafanyakazi wao na kuvitunza visiwatoroke. Maneno ninayo. Nimekuwa mkuu wa wafanyakazi kwa miaka mingi na mdomo haujazeeka. Mwezi uliopita nilikuwa Naivasha. Nilikuwa nimetoka kuwaambia wakurugenzi waliokuwa mbele yangu kwamba kiongozi ni masikio kwanza, nao wameinamia madaftari wakiandika, simu yangu ikatetemeka mezani. Ilikuwa namba ya Lual, wa Kakuma. Nikatoka nje kuipokea. "Dada Roda," akasema, "Erupe amekwenda. Jana asubuhi. Tunazika Lodwar Jumamosi." Niliporudi ukumbini nilikuta mmoja wao ameandika "masikio kwanza" ubaoni kwa wino mwekundu na kuyapigia mstari. Niliwaambia kichwa kinaniuma, nikaketi. Hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa naona aibu, aibu ya zamani ambayo nimeifunika kwa vyeo tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne.

Wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa karani wa wafanyakazi katika shirika dogo la maji lililokuwa na ofisi Lodwar na kituo Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi. Ofisi ilikuwa vyumba vitatu vya matofali chini ya mabati. Ilipofika saa nne asubuhi mabati yalianza kulia kwa joto, na karatasi ziliganda mkononi kwa jasho. Mafaili niliyagandamiza kwa mawe niliyookota mtoni Turkwel, maana upepo wa alasiri ulikuwa na adabu ya mwizi. Chumba changu na cha meneja, Bwana Mutiso, vilitenganishwa na plaiwudi moja nyembamba, na kwa hiyo hapakuwa na siri. Saa saba Mama Lokol, mpishi wetu, alipitisha sahani: wali na maharagwe, na Ijumaa samaki mkavu wa Kalokol kwenye mchuzi wa nyanya. Harufu yake ilikaa ndani ya mafaili hadi Jumatano. Wakubwa walikula upande ule wa plaiwudi, mimi nikala upande huu, na nilichokula zaidi ni maneno yao.

Siku moja mkubwa wetu wa Nairobi alikuja, na kwenye maharagwe yale nikamsikia akilalamika kwamba tunapoteza watu. Mashirika makubwa ya Kakuma na Lokichoggio yalikuwa yakitunyang'anya madereva na mafundi. "Hatujui hata nani ana nini," alisema. "Kila mtu ajaziwe fomu. Tukijua nani ana kipaji, tumpandishe kabla hajaondoka." Bwana Mutiso aliitikia kwa furaha ya kweli. Sitaki nimchore kama shetani. Alikuwa mtu wa kusali kabla ya kula, aliyejua majina ya watoto wa Mama Lokol wote sita, na aliamini kabisa kwamba mtu akipewa cheo anachostahili, mengine yatajipanga. Mimi pia niliamini. Nilikuwa bado karani wa majaribio, na nilijua fomu hizo nitazijaza mimi, na kwamba nikizijaza vizuri jina langu litaonekana Nairobi.

Wiki ileile tulikwenda Kakuma kuwaona mafundi kazini. Ndiyo siku niliyomwona Erupe kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mturkana mrefu, mkavu, wa miaka arobaini hivi, amefunga shuka kiunoni juu ya kaptura ya kazi, amesimama kando ya kisima cha mashine huku jenereta ikinguruma kiasi kwamba meno yangu yalitetemeka. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya madebe ya manjano iliyopinda hadi nisione mwisho wake. Pembeni yake alisimama Lual, kijana wa Kidinka aliyekuja na wakimbizi wenzake kutoka Sudan. Hakuwa mwajiriwa wetu. Mkimbizi hakuruhusiwa kuajiriwa, alipewa kitu kidogo kilichoitwa motisha, na kwenye orodha yangu aliandikwa "msaidizi", bila jina la pili. Bwana Mutiso aliuliza kwa nini maji yanatoka kwa kukohoa. Lual alimgusa Erupe begani mara mbili. Erupe akachomoa spana ndefu kiunoni, akaung'ata mpini kwa meno, akaegemeza ncha kwenye chuma cha pampu na kufumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu anayeonja uji. Kisha akaitoa na kupaza sauti, "Beringi ya chini. Imekufa upande moja." Wakazima, wakavuta bomba kutoka kisimani kwa minyororo, kazi iliyokula asubuhi nzima. Beringi ya chini ilikuwa imelika upande mmoja.

Bwana Mutiso alishika kichwa. "Huyu mtu anasikia kwa meno!" alisema, na sote tukacheka, na kicheko hicho kikarudi nasi Lodwar. Mchana huo, kabla hatujaondoka Kakuma, tulikula pamoja katika hoteli ya Msomali mmoja, chai ya tangawizi na chapati, na Erupe alinitania kwa sauti iliyojaza hoteli yote: "Karani, unakula kama ndege! Ukienda na upepo, nani atatuandikia barua?" Watu wa meza nyingine waligeuka. Niliona mkono wa Lual ukimgusa tena begani, polepole, na sauti ya Erupe ikashuka. Nilifikiri ni mapenzi ya wanaume wa kule, ambao hawaoni haya kushikana mikono njiani. Leo najua kila mguso ulikuwa neno. Mara moja, unaitwa. Mara mbili, umeulizwa. Mkono ukikaa, punguza sauti. Walikuwa mtu mmoja mwenye miili miwili, na sisi tulikuja na fomu ya kupima mmojammoja.

Fomu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, ukurasa mmoja, maswali kumi, dakika kumi na tano kwa kila mtu. Mafundi wa Kakuma waliitwa Lodwar kwa zamu. Erupe alikuja na lori la asubuhi, peke yake, kwa kuwa Lual hakuwa na kibali cha kutoka kambini. Aliketi mbele yangu akaweka miguuni kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa Kiturkana hutembea nacho, akaniangalia mdomo. Niliona ajabu kidogo, mtu mzima kunitazama mdomo. "Ejok?" akanisalimu. "Ejok," nikajibu, nikijisifu moyoni kwa Kiturkana changu. Kisha nikaanza. Habari ya kazi? "Ejok." Wakubwa wako, mnaelewana? "Ejok." Vifaa? "Ejok." Swali la saba lilikuwa la afya. "Una shida yoyote ya mwili?" nilisema, nikijionyesha kifua na kichwa kwa mkono. Hapo alichelewa kujibu kuliko kwa mengine. Kisha akasema, "Ejok, dada. Ejok nooi," yaani nzuri sana. Nikaandika: Hakuna.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtoto wa Lodwar analijua, na ambalo mimi nililijua vilevile. Ejok ni mlango tu. Mtu hakumwagii msiba wake mlangoni. Atakwambia ejok hata kama mbuzi wote wamekufa, kisha mtaketi, mtapumzika, chai au tumbaku itapita, na ndipo utamwuliza tena habari, na ndipo atafungua. Wala si Waturkana peke yao. Sisi wa Kiswahili tunaulizwa habari za nyumbani tukajibu "nzuri, ila mzee ametuacha jana," na hakuna anayetuona waongo. Lakini nilikuwa na watu wanane wa kuona siku hiyo. Nilimwambia Erupe, "Umemaliza, unaweza kwenda," nikamwita mwingine. Nilipotoka kuchukua chakula nilimkuta kwenye baraza, ameketi juu ya kigoda chake, mgongo ukutani. "Bado upo?" "Niko." Saa tisa alikuwa palepale. Nilidhani anangoja lori la kurudi. Saa kumi na moja nilifunga mlango, nikazungusha funguo kidoleni, akanitazama mdomo tena. Nikasema kwaheri. Akainuka, akakipangusa kigoda chake vumbi, akaondoka.

Bwana Mutiso alisoma fomu hiyo akaona mtu asiye na doa, mwenye kipaji alichokishuhudia kwa macho yake. Kabla ya mwezi kwisha Erupe alipandishwa kuwa msimamizi wa mafundi, akahamishiwa Lodwar. Walimpa meza iliyotazamana na yangu, kiti chenye magurudumu, na juu ya meza redio koli, ambayo kila siku saa mbili asubuhi ilipokea taarifa za visima vya Kakuma. Lual alibaki na pampu. Redio ile hata mwenye masikio mazima alihitaji subira nayo, ilikuwa inakwaruza kama kuku anayefukua. Kakuma waliita, wakaita. Erupe alikaa akiitazama, mikono juu ya mapaja. Mara nyingi nilijibu mimi, kwa kujisikia mwema. Bwana Mutiso aliita "Erupe!" kupitia plaiwudi na hakujibiwa. Mama Lokol alimsalimu kutoka nyuma siku mbili mfululizo asipate neno, na kwao anayekataa salamu ametangaza ugomvi. Akaacha kumwekea nyama ya mfupa. "Cheo kimempanda kichwani," alisema akinipa sahani. "Zamani tukikutana na yeye barabarani, yeye ndiye alikuwa anapiga kelele kwanza. Sasa mimi ni mavumbi." Sikumtetea. Nilikuwa naanza kuamini hivyo mwenyewe.

Asubuhi moja niliwahi kazini nikamkuta peke yake. Redio ilikuwa inaita. Erupe alikuwa ameinama juu yake, spana yake ile ameing'ata kwa meno, ncha ameigusisha kwenye chuma cha redio, macho amefumba. Aliyafungua akaniona. Aliifuta spana kwa shuka akairudisha kiunoni. Na mimi, Mungu anisamehe, saa saba nilisimulia hadithi hiyo kwenye chakula, nikaigiza kwa kijiko, na ofisi nzima ikacheka hadi Bwana Mutiso akagonga plaiwudi kuuliza kuna nini. Erupe alikuwa ameketi mbele yetu akila maharagwe yake. Alipoona midomo yetu yote imefunguka, alicheka pia.

Lual ndiye aliyeniambia. Alipata kibali cha siku tatu kuja hospitali ya Lodwar, na hata hospitali hakuenda, alikuja moja kwa moja mezani kwangu wakati Erupe ametoka. Alibaki amesimama. "Dada," alisema, "Erupe hapana sikia. Sikio ya kushoto ilikufa zamani, hii ya kulia inakufa sasa. Ni jenereta. Miaka mingi alilala karibu na hiyo mashine. Mimi nilikuwa sikio, yeye alikuwa mkono na akili. Sasa mumekata sisi katikati." Nilimwuliza kwa nini Erupe hakusema. Lual aliinua mabega. "Siku ya karatasi aliniambia atakwambia wewe. Alisema wakitaka kumpandisha, ataomba abaki Kakuma na mimi. Sijui ilikuwa namna gani." Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tulikuwa na vidole viwili vilivyozoeana, tukakivisha kimoja pete na kukipeleka mbali.

Nilikwenda kwa Bwana Mutiso siku hiyohiyo. Hilo angalau najipa sifa. Nilimwambia kwamba huenda Erupe hasikii vizuri. Hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa fomu, akaigeuza upande wangu na kuweka kidole kwenye swali la saba. "Mwandiko huu ni wa nani?" Nikasema ni wangu. Kando ya mkono wake niliiona barua nyingine, ya kunithibitisha kazini kama afisa wa wafanyakazi, yenye nafasi tupu ya sahihi yake. Aliongea polepole, kama mtu anayepima njia. Kama Erupe alikuwa mgonjwa na akaficha, alisema, hilo ni kosa lake. Kama hakuficha, Nairobi watauliza kwa nini shirika lilimweka mtu kwenye jenereta miaka yote bila kitu cha kuziba masikio, na kwa nini sisi wawili hatukujua. "Roda, ulimwuliza au hukumwuliza?" "Nilimwuliza." "Akajibu nini?" "Alisema ejok." Bwana Mutiso alikuwa na miaka miwili Lodwar na hakujua neno hata moja. "Ejok ndiyo nini?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko sala zangu. Nilikuwa na jibu lote kinywani. Ningemwambia kwamba ni salamu, kwamba si jibu, kwamba nilimfungia mtu mlango usoni nikamwandikia kwamba hana shida. Feni ilikuwa inazunguka. Mama Lokol alikuwa anaosha sufuria nje. Nikasema, "Ni nzuri. Inamaanisha nzuri." Bwana Mutiso akafunga faili. "Basi," akasema. "Mficha maradhi..." na methali hakuimaliza.

Barua ya kumwachisha niliichapa mimi. Ilisema kwamba ameshindwa kuitika kazini na kwamba alificha hali yake ya afya wakati wa kujaziwa fomu, kwa hiyo shirika halina deni naye. Nilimpa mkononi. Kusoma alijua kidogo tu, hivyo alinitazama mdomo, akangoja. Sikuufungua. Alingoja zaidi ya vile mtu angeweza kungoja kwa heshima, kisha akachomoa spana, akaifuta pande zote mbili, akailaza juu ya meza yangu kwa kuwa ilikuwa mali ya ofisi. "Ejok," alisema kwa ile sauti yake kubwa, na akatoka na kigoda chake. Kakuma waliletewa fundi mwenye cheti kutoka Nairobi, akakaa miezi minne akatoroka joto. Lual hakuruhusiwa kufungua mashine bila fundi. Pampu ilikufa kabla ya mvua, na foleni ile ya madebe ikawa ndefu zaidi. Mimi nilipata barua yangu. Nairobi walisifu fomu zangu kwa usafi wake, na kutoka hapo sikurudi nyuma. Nimesimamia watu mamia. Nimeandika sera za kusikiliza wafanyakazi, nzuri tu, nyingine bado zinatumika. Katika semina zote hizo sijawahi kumtaja Erupe.

Jumamosi tulimzika. Lual, ambaye ameota mvi na bado yuko kambini, alinishika mkono akanipeleka kwa mjane, Mama Akuwam, ambaye sikuwahi kumwona. Aliketi ndani ya nyumba ya makuti ya mkoma, juu ya ngozi, na ukutani kilining'inia kigoda. "Ejok?" akaniuliza. "Ejok," nikasema, na machozi yananitoka. Akanipa chai, nyeusi na sukari nyingi. Nikanywa. Akanipa ya pili, nikanywa hiyo pia, polepole, hadi chini. Ndipo nikaweka kikombe nikamwambia, "Mama, mimi ndiye karani wa ile ofisi ya maji. Nimekuja kuuliza habari."

Alinitazama. Halikuwa jicho la hasira, na ningependa lingekuwa la hasira. "Ni wewe," alisema. "Siku ile ya karatasi alirudi nyumbani usiku. Mimi nikamwuliza, umewaambia ile mambo ya masikio? Akasema, bado. Akasema, yule msichana alisalimia tu. Alisalimia mimi mara kumi. Akasema, mimi nilikaa nje, ningoje amalize na watu, aje aulize habari. Nilikaa mpaka akafunga mlango." Akachukua kikombe changu akakijaza tena. "Mimi nilikasirika sana. Yeye akasema, wacha, ni msichana mzuri. Kesho atauliza."